Risala Niliyoianzia Kushoto

Nitawataja wote waliokuwepo siku ile, asije mmoja wenu akasema Pius anapunguza mashahidi ili aibu yake ionekane ndogo. Alikuwepo Vero, mdogo wangu wa mwisho, ambaye ndiye tuliyekuwa tunamuaga. Alikuwepo Gasto, mdogo wangu wa kati, amekaa nyuma ya spika za kukodi kama rubani. Alikuwepo Emanueli, mchumba wa Vero, kijana wa Sibwesa mwenye cherehani yake, na mama yake mzazi, na baba yake mdogo, mzee Butoyi, ambaye ni mzee wa kanisa na ndiye msemaji wa ukoo wao. Alikuwepo Mwalimu Agnesi, mgeni rasmi, amestaafu sasa, lakini darasa la pili ndiye aliyenifundisha kusoma. Alikuwepo MC mmoja wa mjini mwenye suti ya kung'aa. Alikuwepo Mzee Sefu mwenye duka, rafiki wa marehemu baba. Na nilikuwepo mimi, ingawa ikifika katikati ya hadithi mtaona nilivyotamani nisiwepo.

Wengine walikuwa majirani na walikuja kula, hao siwahesabu.

Sasa, mnanijua. Baba alitangulia, mama akafuata, na mimi nikiwa darasa la nne nikawa mzazi. Shule niliiacha bila kuiaga, siku moja nilikwenda sokoni Mpanda kubeba mizigo nikasema kesho nitarudi darasani, na hiyo kesho mpaka leo sijaiona. Nikabeba magunia, nikanunua mkokoteni, baadaye nikapata guta, Gasto akasoma, Vero akasoma. Kusoma mimi najua, msinielewe vibaya, nasoma kama mtu anayesukuma guta kwenye mchanga, lakini nafika. Shida ilikuwa kuandika. Herufi zangu zilikuwa zinasimama mbalimbali kama watu waliogombana, na nyumbani hakuna aliyejua, maana karatasi zote za shule za hawa wadogo zangu mimi nilikuwa naweka sahihi tu, na sahihi yangu ni nzuri sana (nilikaa nayo wiki nzima nikiifanyia mazoezi kwenye mavumbi).

Kamati ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti, ikakaa, ikasema kaka mtu ndiye atakayesoma risala ya familia. Vero akaniambia siku hiyohiyo, "Kaka, wewe simama uongee tu. Watu wanakujua."

Huo ndio ulikuwa mlango wa kutokea, na mimi nikaufunga kwa mkono wangu. Nikamwambia hapana, wale wa Sibwesa wana mzee wa kanisa, wana watu waliosoma, wasije wakasema binti yetu katoka nyumba isiyo na karatasi. Nikitaka karatasi nataka na mwandiko. Kumwomba Gasto siwezi, atajua. Kumwomba Vero siwezi, risala inamhusu yeye mwenyewe. Nikamkumbuka Mzee Sefu.

Mzee Sefu mtaani kwetu anasifika kwa mwandiko. Mama yake alikuwa Mmanyema, baba yake sijui wa wapi, yeye mwenyewe amezaliwa hapahapa Mpanda, na toka mimi mdogo namwona nyuma ya ule wavu wa duka lake ameinamisha kichwa anaandika. Wazee wakipita wanasema yule bwana ana mkono. Mimi sikuwahi kuuona huo mkono kwa karibu. Kwenye makopo yake ya viungo alikuwa amebandika vikaratasi vya maandishi ya kiarabu, na mimi miaka yote nilijua ni dua za kuzuia wezi na panya. (Kumbe ni iliki, mdalasini na pilipili manga. Lakini hayo nilikuja kuyajua baadaye, kwa gharama.)

Nikaenda mchana, duka limepoa. Nikamweleza. Akafurahi kweli, akasema, "Wewe sema tu, mwanangu, mimi nakuandikia. Sema kama unavyosema." Nikakaa kwenye kigoda upande wangu wa wavu, yeye upande wake, simwoni zaidi ya kofia, nikaanza kusema. Nilisema na kusema, wateja wanaingia wanatoka, mimi nasema, kalamu inakwenda. Nilipomaliza akaikunja, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akailamba, akaifunga. "Usiifungue ovyo isije ikachafuka," akaniambia. Nikaiweka chini ya godoro.

Nilijiambia asubuhi ya shughuli nitaifungua niipitie polepole. Sasa asubuhi yenyewe sufuria za kukodi zikaja hazina mifuniko, mpishi akagoma kupika pilau isiyofunikwa, nikapanda guta kutafuta mifuniko mtaa mzima, mara turubai limelegea, mara mbuzi kakata kamba, na bahasha ikaendelea kukaa mfukoni mwa koti la kuazima mpaka MC aliponiita mbele.

Nikasimama. Kipaza sauti mkono huu, bahasha mkono ule. Nikaichana kwa madaha, nikatoa karatasi, nikaikunjua.

Jamani. Ilikuwa ni ile dua ya panya, kurasa mbili, mbele na nyuma.

Niliitazama kwa muda ambao mtu mwenye akili angeutumia kusema ndugu zangu, kuna makosa yametokea. Watu wangecheka, yangekwisha. Lakini Mwalimu Agnesi alikuwa ameketi mbele yangu ameweka mikono magotini, anatabasamu kama siku ile niliposoma neno "kuku" kwa mara ya kwanza, na mimi nikasema moyoni, Pius, maneno si unayakumbuka, soma. Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, upande wa kushoto, nikaanza kukipeleka kulia huku nasema, "Mheshimiwa mgeni rasmi, wazazi wetu kutoka Sibwesa, ndugu na majirani."

Ikaenda vizuri, na hiyo ndiyo ilikuwa hatari yake. Kidole kinatembea, mdomo unatembea, nikafika mahali nikalamba kidole nikageuza ukurasa. Nikawashukuru watu ambao hata sikuwapanga. Nikasema familia yetu ni ya upendo na mshikamano, maneno niliyoyasikia redioni. Nikamaliza, watu wakapiga makofi, Gasto akaweka muziki kidogo, nikaanza kuikunja karatasi niitie mfukoni.

MC akasema, "Kaka, kaka, risala haiendi mfukoni. Kwa heshima na taadhima, kaka wa bibi harusi sasa atamkabidhi risala mgeni rasmi."

Huo utaratibu naujua, nimeuona kwenye mahafali na mikutano yote ya hapa. Risala ikisomwa inakabidhiwa, na mgeni rasmi anajibu kwa kuitazama. Kichwani mwangu ulikuwa umepotea wote.

Nikasema, "Nitamletea kesho nyumbani."

"Kesho risala inakuwa imelala," MC akasema, watu wakacheka. Nikaenda. Nilitembea hatua chache zile kama ninakwenda kulipa faini. Nikamkabidhi Mwalimu kwa mikono miwili, nikapiga na goti kidogo, picha ikapigwa.

Mwalimu akavaa miwani. Akaifungua. Akaigeuza juu chini. Akaigeuza tena. Kisha akanitazama juu ya miwani, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mwalimu anayetaka kukusaidia, "Pius. Hii umeisoma wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hii hii?"

"Nilijifunza," nikasema. Mpaka leo sijui lile neno lilitokea upande gani wa mwili wangu.

Yeye angeikunja tu akanifichia, nina hakika, alishaanza. Lakini aliyeketi ubavuni kwake ni mzee Butoyi. Akanyoosha shingo, akaona. "Samahani, Mwalimu," akasema, akaichukua kwa ncha za vidole viwili kama mtu anayeshika kitu cha moto. Akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja katikati. "Bwana Pius, nisomee tena hapa. Hapa tu."

Nikaangalia zile nukta na mikia. Nikasema, "Hapo panasema, karibuni chakula."

"Na hapa chini yake?"

"Hapo pia ni karibuni. Ni msisitizo."

Watu wa meza za mbele wakacheka, mzee Butoyi hakucheka. Akasimama. Alikuwa mpole mpaka kwenye sauti, na hilo ndilo lilinitisha. "Ndugu zangu," akasema, "sisi tumekuja kupokea binti. Tumepewa karatasi ya maandishi ambayo kwetu tunayaona kwa waganga, na aliyetupa anasema uongo juu yake. Mimi siwezi kupeleka nyumbani kwa kaka yangu marehemu kitu nisichokijua. Kabla hatujaelewa hili, hatupokei binti wala zawadi. Tuondoke."

Wale wageni wakaanza kusemezana Kirundi, lugha ya wazee wao, mara kina mama wakasimama, mara vitenge vilivyotandikwa vikakunjwa, dereva wa gari lao akaamshwa. Gasto, kwa nia njema kabisa, akaona dawa ya fujo ni muziki, akaweka wimbo wa kuingiza maharusi kwa sauti ya juu, na wale wageni wakawa wanaondoka kwa mdundo. Nilimwonyesha ishara azime, yeye akaelewa aongeze.

Emanueli hakusimama. Alibaki pale mbele kwenye kochi lililopambwa, ameshika soda ya Vero na soda yake, anamtazama baba yake mdogo, anamtazama mchumba wake. Huyu kijana hana baba, huyo mzee ndiye baba yake. Akiambiwa inuka atainuka. Na mimi nilimwona Vero anaangalia miguu ya Emanueli, anasubiri kuona kama itainuka. Nimembeba mtoto yule mgongoni nikiwa na gunia kichwani, nimemuuguza surua, nimekosa vingi asikose yeye, halafu namvunjia ndoa kwa sababu ya kidole changu kuanzia kushoto.

Muziki ukakatika (MC aling'oa waya). Vero, aliyetumwa iliki kwenye duka lile tangu utoto, akasema palepale alipokaa, bila kipaza sauti, "Kaka. Hiyo kaandika Mzee Sefu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi si aitwe aisome."

Rahisi hivyo. Tukamtafuta Mzee Sefu kwenye viti, hayupo. Nikakimbia nyuma ya nyumba. Yupo karibu na jenereta, ametandika mkeka wake, anaswali alasiri. Mtu akiwa kwenye swala humwiti. Nikarudi mbele, nikasema kwa hao watu waliosimama na vitenge vyao, "Anaswali. Tumsubiri."

Mzee Butoyi akasema, "Tutasubiri. Hata mimi sipendi kukatishwa nikiomba." Nikajua basi huyu mzee si mbaya, ni mwoga tu kama mimi nilivyokuwa naogopa makopo ya iliki.

Tukasubiri, shughuli nzima, watu wamesimama, pilau inapoa. Mzee Sefu akaja anapangusa paji la uso, haelewi kwa nini kila mtu anamtazama. Akapewa karatasi. Akaileta karibu na macho.

"Nani kaitia mafuta hii?" akauliza.

"Mzee," Mwalimu Agnesi akasema, "hicho ni Kiarabu?"

"Kiswahili," Mzee Sefu akajibu, anashangaa. "Herufi ndiyo hizi nilizofundishwa chuo cha Kurani na marehemu mwalimu wangu. Hizo zenu mimi sikuwahi kufundishwa, sizijui hata moja. Pius si anajua? Nilidhani ataniita nimsomee." Akanigeukia. "Ulisomaje wewe, mwanangu?"

MC akawahi kumfikia. Akapewa kipaza sauti. Akaanza kwa Bismillahi, upande wa kina mama wakaguna, kisha akasoma. Na hapo nikagundua jambo la pili, baya kuliko la kwanza. Mimi nilimwambia mzee yule aandike ninavyosema. Alikuwa ameandika ninavyosema. Kila kitu.

"'Mheshimiwa mgeni rasmi,'" akasoma, kwa sauti ileile ya kupanda na kushuka, "'mimi Pius, mtoto mkubwa wa marehemu, nawasalimu. Mzee, nikumbushe nusu kilo ya sukari nisije nikasahau. Hawa watu wa Sibwesa wanasifika kwa kazi, ila yule mbuzi waliyeleta siku ya posa alikuwa amekonda kama baiskeli. Hapo usiandike.'"

Nikatafuta pa kuangalia, nikaangalia turubai.

"'Usiandike,'" Mzee Sefu akarudia, akaeleza, "Hapa nimeandika amesema nisiandike."

Aliyeanza kucheka ni mama yake Emanueli. Alicheka akashika goti la jirani yake. "Ego," akasema, ndiyo kwa kwao, "alikuwa amekonda kweli. Nilimwambia Butoyi, mbuzi huyu ni aibu, akasema atanenepa njiani." Watu wakalipuka. Mzee Butoyi akajaribu kukunja uso, ukamshinda, akakaa chini. Na alipokaa yeye, wale wengine wote wakakaa.

Mzee Sefu hakungoja kicheko kiishe, aliendelea tu, kwake yeye maandishi yakianza yanamalizwa.

"'Vero mkimwona kanuna msimseme mpaka ale kwanza. Akifua anaimba, na akiacha kuimba mjue ana jambo. Anaogopa radi, hatawaambia, atasema anatafuta kitu chini ya kitanda. Chai yake tangawizi nyingi. Akikosea mniite mimi, msimpige. Mama alipokuwa anaumwa alinishika hapa kwenye kifundo cha mkono akasema Pius, huyu mdogo. Hakumalizia. Mimi nikajua anataka nini. Sasa leo nawapa nyie, na ninachotaka kusema ni kwamba.'"

Akanyamaza. Tukangoja.

"Endelea, Mzee," Mwalimu akasema.

"Hapa nimeandika, 'kimya,'" Mzee Sefu akasema. "Kisha nimeandika, 'mteja ameingia anataka kiberiti.' Kisha nimeandika, 'kimya' tena. Ndiyo mwisho."

Vero alikuwa ameinamisha kichwa, pambo la nywele linatikisika. Emanueli alimpa soda yake, halafu kwa kukosa la kufanya akampa na ile nyingine.

Mzee Butoyi akainuka, akaja mpaka nilipo, akanipa mkono. "Umetutisha, Bwana Pius," akasema. Nikamwambia nami nilijitisha. Akaenda kwa Mzee Sefu akamwomba amwonyeshe ile iliyoandikwa mbuzi ni ipi. Wakainamia karatasi wote wawili, kofia na kipara, anaonyeshwa: huyu hapa mbuzi, anaanzia huku kulia.

Nilidhani yamekwisha. Mama yake Emanueli akaomba kipaza sauti. Huyu mama kila siku anasoma Biblia yake ya Kirundi, ameimaliza na kuirudia, lakini alisema alipokuwa msichana alikwenda kujiandikisha mahali, akapewa kitabu cha Kiswahili akakwama, wakamwandika hajui kusoma. "Kwa hiyo mimi sikuogopa ile karatasi," akasema. "Niliogopa kidole chako, mwanangu. Risala nimeipenda. Lakini desturi ni kukabidhi, na mimi sijakabidhiwa, hiyo siwezi kuisoma. Utaniandikia kwa mkono wako, kwa herufi ninazozijua, pamoja na mbuzi. Na pale penye kimya utaweka neno. Binti namchukua. Risala nakudai."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu Agnesi akasema atasahihisha yeye.

Vero aliolewa, yuko Sibwesa, na ameniambia kwa simu kwamba siku ya radi ya kwanza mama mkwe aliingia naye chini ya kitanda kutafuta hicho kitu. Mimi tangu siku ile sisimami mbele ya watu na karatasi ambayo sijaifungua nyumbani, na MC yeyote akiniona mahali anaficha kipaza sauti. Jioni nikirudi na guta nakaa dukani kwa Mzee Sefu, naandika. Yeye ananitazama, anasema herufi zangu sasa zimeanza kusalimiana. Haya mliyoyasoma hapa nimeyaandika mwenyewe, ni mazoezi ya mkono, Mwalimu ameyapitia na kuniachia makosa madogo madogo.

Risala yenyewe nimeiandika upya mara nyingi. Salamu ninazo, mbuzi ninaye, tangawizi ninayo. Nikifika pale mama aliponishika mkono kalamu inasimama, na dukani kwa Mzee Sefu huwa hakosekani mteja wa kiberiti.

Wiki iliyopita gari la Sibwesa liliniletea mfuko wa mchele kutoka kwa mama yule anayenidai. Dereva akaniambia ametumwa aseme neno moja tu: bado.